Maji ya Njiani: Jinsi ya Kuchagua Kishikio cha Chupa cha Baiskeli

Itazame baiskeli yako vizuri. Ina kengele ya kuwaambia watu wapishe. Ina keria ya kupakia gunia. Pengine ina stendi, tena na pampu imefungwa pembeni. Lakini nikikuuliza, "Maji yako ya kunywa yanakaa wapi?" utanionyesha nini?

Wengi watanionyesha mfuko unaoning'inia kwenye usukani, ambao kila wakikata kona unagusa gurudumu la mbele. Wengine watanionyesha dumu lililofungwa kwa mpira juu ya keria, chini ya gunia la mahindi. Kulifikia ni lazima washushe mzigo wote. Na wengine watacheka tu na kusema, "Maji ya nini, bwana? Si mto uko huko huko?"

Jibu hilo la tatu ndilo linalonifanya niandike leo. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana: kile kishikio cha chuma kinachofungwa kwenye fremu ya baiskeli ili kuchukua chupa ya maji. Wako wanaokiona kuwa ni pambo la vijana wa mjini. Sivyo. Kikichaguliwa vema, humwezesha mtu kwenda shambani na kurudi bila kuyainamia maji ya mto. Kikichaguliwa ovyo, hudondosha chupa njiani, tena chaweza kuzuia breki.

Shamba liko mbali

Sisi wa Ngorongo, na jirani zetu wa bonde la Rufiji mpaka Kibiti, tunajua kwa nini safari ya shambani ni ndefu. Zamani watu wengi walikaa bondeni, karibu na mashamba yao, na wakati wa kulinda mpunga walilala juu ya madungu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, wakajenga vijiji sehemu za juu. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zikapanda juu, lakini mashamba mengi yakabaki kule kule kwenye udongo mzuri. Tangu hapo kati ya mlango wa nyumba na jembe kuna njia ya kwenda, na kwa watu wengi njia hiyo huendwa kwa baiskeli.

Njia yenyewe ni ya mchanga, na jua la kwetu halina huruma. Mtu mzima anayefanya kazi ngumu juani aweza kutoka jasho la lita nzima kwa saa moja. Asipoyarudisha maji hayo mwilini, kichwa humuuma, miguu hulegea, na macho humfanyia giza. Hapo hatazami tena maji ni safi au si safi. Atakunywa popote.

Nawe wajua kilichomo popote hapo. Katika maji ya mto na mabwawa mna vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo, na pengine vya kipindupindu. Kichocho hakingoji hata unywe. Humpata mtu kwa kupita katika ngozi anapoingia majini. Tena Mto Rufiji una mamba. Mtu anayeinama ukingoni na kukinga viganja vyake amejiweka pale pale mamba anapopenda kuvizia. Basi yafaa maji yaliyochemshwa nyumbani yawe karibu na mkono wako njia nzima.

Kwanza ipime chupa

Watu wengi hununua kishikio kwanza, halafu hutafuta chupa ya kutia. Huko ni kununua kiatu bila kuujua mguu. Anza na chupa.

Vishikio vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa ajili ya chupa za baiskeli zenye upana wa milimita 73 au 74. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Chukua uzi, uzungushe mara moja kwenye tumbo la chupa, kisha unyoshe uzi huo juu ya rula ya mwanao wa shule. Ukipata sentimita 23, chupa yako ni ya kipimo hicho. Ukipata 20 au karibu na hapo, ndiyo chupa ndogo ya maji ya dukani, ile ya nusu lita. Hiyo ni nyembamba; itagonga-gonga na kurukaruka mpaka itoke. Ile kubwa ya lita moja na nusu haitaingia kabisa, nawe usijaribu kuisukuma kwa nguvu, maana utakipanua kishikio kisifae hata kwa chupa yake halali.

Je, una chupa ndogo tu? Usihuzunike. Kata utepe wa tyubu kuukuu, uuzungushe kwenye kishikio kwa ndani mpaka chupa ishikwe sawasawa. Mpira huo utazuia pia kelele kama chupa yako ni ya bati au ya alumini.

Chupa nzuri ya baiskeli ina mkato kama kiuno. Mkato huo haukuwekwa kwa urembo. Kishikio kina ulimi mdogo unaoingia pale na kuizuia chupa isiruke juu gari likikupita nawe ukaingia kwenye mashimo. Chupa isiyo na kiuno hushikwa kwa kubanwa tu, kwa hiyo iongezee mpira wa tyubu juu, kama tunavyofunga mzigo kwenye keria.

Na hapa nasema kwa sauti kubwa, hasa kwa wenye mikorosho: chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu au dawa ya magugu isitiwe maji ya kunywa kamwe. Hata ukiiosha kwa sabuni mara kumi, kwa mchanga na kwa maji ya moto, usiitumie. Sumu nyingine huingia katika plastiki yenyewe. Itoboe isitumike tena, na uiweke mbali na watoto.

Chuma cha namna gani?

Sasa twende dukani. Vishikio vya chuma utakavyoviona kwa kawaida ni vya namna tatu.

Ya kwanza ni alumini, ile ile ya sufuria zetu. Ni nyepesi, haishiki kutu nyekundu, na mara nyingi bei yake si kubwa. Lakini ina mambo mawili. Huacha weusi kwenye chupa, na ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika ghafula bila kukuonya. Ikikatika, mafundi wengi wa vijijini hawana vifaa vya kuiunga.

Ya pili ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi au kung'arishwa. Ni kizito kidogo, lakini uzito huo si kitu kwa mtu anayepakia gunia. Kikipinda waweza kukinyosha, na kikikatika fundi wa kuchomelea yeyote atakiunga. Ubaya wake ni kutu. Rangi ikichunika, kutu huingia hapo, hasa kwa ndugu zetu wa upande wa delta, kama Nyamisati, ambako hewa ina chumvi.

Ya tatu ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi. Kina nguvu, chapinda bila kukatika ovyo, na hakihitaji rangi. Ndicho bora kati ya vyote, na ndicho cha bei zaidi. Kwa sababu hiyo ndicho watu wanachodanganywa nacho.

Tuseme mzee mmoja ameingia duka la vipuri pale Ikwiriri.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Kishikio hiki ni cha chuma gani?"

"Stenlesi hicho, mzee. Hakishiki kutu mpaka wajukuu."

Mzee anatia mkono mfukoni, anatoa sumaku ya spika ya redio mbovu, anaisogeza. Sumaku inarukia kishikio na kung'ang'ania.

"Mbona imekipenda hivi, mwanangu?"

"Aa, basi mzee, tuzungumze bei."

Mzee huyo ana akili. Sumaku haiishiki alumini hata kidogo. Stenlesi inayotumika kwa kawaida katika vitu kama hivi haivutwi, au huvutwa kidogo sana kwenye mikunjo. Chuma cha kawaida kilichong'arishwa huvutwa kwa nguvu. Kung'aa peke yake si ushahidi. Haina maana kwamba chuma cha kawaida ni kibaya. Maana yake ni kwamba usikilipie bei ya stenlesi.

Ukiniuliza mimi, nitakujibu hivi. Kama waweza kupata stenlesi ya kweli, nunua hiyo. Kama huwezi, chukua chuma cha kawaida chenye fito nene na rangi nzuri, kwa kuwa hicho chatengenezeka hapa hapa. Alumini yafaa kwa njia ya lami na mizigo myepesi. Kwa njia yenye matuta na mashimo, nunua ile nene tu.

Sasa itazame baiskeli

Chupa imepimwa, chuma kimejulikana. Je, kitafungwa wapi?

Baiskeli nyingi mpya za gia zina matundu mawili yenye hesi kwenye bomba la fremu, yamepishana milimita 64. Kishikio kina matundu kama hayo. Waweka skrubu mbili za milimita 5, wakaza, kazi imekwisha. Usikaze kwa hasira, maana hesi za fremu ni ndogo, zikilika hazirudi.

Lakini baiskeli zile kubwa za kazi, kama Phoenix za Kichina na Hero za Kihindi, kwa kawaida hazina matundu hayo. Hapo wengine humwendea fundi na kumwambia atoboe fremu, au achomelee kishikio moja kwa moja. Nakusihi usifanye hivyo. Bomba la fremu ni jembamba ndani. Ukilitoboa, maji ya mvua huingia na kutu hulila kutoka ndani, mahali usipopaona. Ukilichomelea, moto hulidhoofisha pale pale linapobeba uzito. Siku fremu ikivunjika ukiwa na mtoto mbele na gunia nyuma, utajuta.

Njia iliyo njema ni kutumia vibano viwili vya kuzunguka bomba, vile vinavyobana mipira ya maji. Zungusha uzi kwenye bomba kabla ya kwenda kununua. Bomba la chini, linalotoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali, kwa kawaida mzunguko wake ni sentimita 9. Bomba la juu ni karibu sentimita 8. Chini ya kila kibano weka utepe wa tyubu, ili kibano kisikwaruze rangi na kishikio kisizunguke.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa pana hatari. Baiskeli nyingi za kazi zina breki za fito. Ukibonyeza mkono wa breki, fito ya chuma hushuka kandokando ya bomba la chini na kuivuta breki ya nyuma. Ukifunga kibano juu ya fito hiyo, umeifunga breki yako kwa mkono wako mwenyewe. Utakwenda vizuri kwenye tambarare, na hutajua neno mpaka siku ya mteremko. Kwa baiskeli ya namna hiyo funga kishikio kwenye bomba la kiti, upande wa mbele, au kwenye usukani. Kisha bonyeza breki zote mbili mara kadhaa, ukitazama fito zinavyokwenda na kurudi. Zikikwama hata kidogo, fungua uanze tena.

Baiskeli ya kike haina bomba la juu, lakini ina bomba la kiti kama nyingine, na hapo mahali pako pazuri. Angalia tu gauni au kanga isinaswe wakati wa kupanda na kushuka. Na kama humpakia mtoto kwenye bomba la juu, mkalishe kwanza, utazame miguu yake inafika wapi. Kishikio kisiwe mahali ambapo mtoto atakifanya kikanyagio, na ncha za chuma zisimkwaruze.

Mitihani mitatu

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji ruhusa ya kukijaribu. Muuzaji mwema hatakataa.

Mtihani wa kwanza: tia chupa iliyojaa maji, kisha kishike kishikio na ukigeuze juu chini, ukitikise. Chupa isidondoke. Chupa tupu haikufundishi neno, maana chupa ya robo tatu ya lita iliyojaa ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, na uzito huo ndio unaoruka kwenye mashimo.

Mtihani wa pili: itoe chupa kwa mkono mmoja. Ikiwa yakubidi uvute kwa mikono miwili, kishikio kimebana mno.

Mtihani wa tatu: pitisha kidole polepole mahali fito zilipoungwa. Ukikuta ufa, tundu au ukali, kirudishe. Kishikio huanza kukatikia hapo.

Fundi wako wa kijijini

Labda utasema, "Mjini ni mbali, na fedha ni kidogo." Basi mwendee fundi wa kuchomelea. Kishikio cha chuma cha kawaida si kazi ngumu. Mpelekee fito laini ya chuma ya milimita 5 au 6, pamoja na chupa yenyewe. Aizungushe fito kwenye kipande cha mti chembamba kidogo kuliko chupa, ili chuma kibane kwa kujivuta. Kimo cha sentimita 14 au 15 chatosha. Chini aweke kitako cha kuikalia chupa, na nyuma kipande cha bapa cha kupitishia vibano. Ncha zote azikunje ndani au azisugue kwa tupa. Halafu kipakwe rangi ya mafuta mara mbili, kikauke vizuri. Kishikio cha namna hiyo hakitakuwa chepesi, lakini kitadumu, na fedha yako imebaki kijijini.

Kukitunza

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara moja kwa juma shika kishikio ukitikise. Kikicheza, kaza. Skrubu za milimita 5 zenye kichwa cha pembe sita hutaka spana namba 8. Paka grisi kidogo kwenye hesi kabla ya kufunga, hasa kama kishikio ni cha alumini na skrubu ni za chuma. Metali hizo mbili zikikutana na chumvi au jasho huliana, ukaona unga mweupe, na mwisho skrubu haifunguki. Rangi ikichunika, sugua kwa msasa upake tena.

Chupa nayo ioshwe kila siku, pamoja na mdomo na kifuniko. Maji yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja au zaidi, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yatiwe. Ukitaka yabaki baridi, ivalishe chupa kitambaa kilicholowa. Maji ya kitambaa yakikauka kwa upepo huchukua joto, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kutoka jasho. Na ukitaka kunywa, simama, shuka, unywe. Usiendeshe kwa mkono mmoja kwenye mchanga. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu hakijakushika. Tena kumbuka, chupa ya fremu ni ya njiani. Kwa kazi ya kutwa nzima chukua na dumu.

Chupa moja, watu wawili

Nimalizie kwa habari ya mbali kidogo. Huko Ufaransa kuna mashindano makubwa ya baiskeli yaliyoanza mwaka 1903, yanayozunguka nchi kwa majuma matatu. Mwaka 1952 walikuwamo Waitalia wawili mashuhuri, Gino Bartali na Fausto Coppi. Bartali alikwisha kushinda mwaka 1938 na 1948, na Coppi mwaka 1949. Walikuwa wapinzani hasa, na watu wa Italia waligawanyika, huyu upande wa Bartali, huyu upande wa Coppi.

Siku moja wakipanda milima, mpiga picha aliwapiga picha wakipeana chupa ya maji. Picha hiyo ilienea duniani. Mwaka ule Coppi ndiye aliyeshinda. Lakini mpaka leo watu hubishana: ni nani aliyempa mwenzake? Maana katika picha mikono yote miwili imeishika chupa.

Kwetu nasi huwa hivyo. Mwenye maji njiani hayanywi peke yake. Atamkuta mama aliyebeba kuni, au mtoto anayetoka shule mbali, au mzee aliyeketi chini ya mwembe akipepesuka kwa jua. Chupa iliyoshikwa vema ndiyo itakayokuwapo saa hiyo. Iliyodondoka kilometa tatu nyuma haimfai mtu.

Basi, msomaji, leo jioni chukua uzi na rula. Ipime chupa, lipime bomba, zitazame fito za breki. Ukiisha kujua vipimo vyako, ndipo uende dukani au kwa fundi, na usisahau sumaku.